Kila Mtu na Mrija Wake: Somo Kuhusu Malengelenge ya Midomo

Ndugu wananchi wa Nakaloke, Mbale na vijiji vya mpakani, somo letu ni malengelenge ya midomo, ambayo wengi huyaita vipele vya homa.

Chanzo chake si malaria, bali ni virusi vya herpesi. Vikishaingia mwilini havitoki. Hujificha katika mishipa ya fahamu, kisha homa, uchovu au jua kali huviamsha. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu wapatao bilioni 3.8 wenye umri chini ya miaka 50 wanavyo, wengi wakiwa wameambukizwa utotoni. Basi kidonda cha mdomo si ushahidi wa uzinzi wala uchawi.

Njia kuu ya maambukizi ni mdomo kugusana na kidonda au mate, kama katika kubusu. Nje ya mwili virusi hivi havidumu sana. Lakini kifaa chenye mate mabichi kikipokewa papo hapo na mdomo mwingine, huweza kuvibeba. Tutazame chungu cha malwa, ambapo wanywaji huketi duara wakinyonya pombe ya ulezi kwa mirija mirefu. Hatuikatazi desturi hiyo. Tunachoonya ni mrija mmoja kupokezanwa na watu wawili au watatu. Kila mtu na awe na mrija wake, na mwenye kidonda apumzike hadi kipone. Vivyo hivyo kikombe, mswaki, wembe, taulo na mafuta ya midomo visiazimwe.

Mwenye kidonda asimbusu mtoto mchanga hata kidogo, kwani virusi hivi vyaweza kumwua. Aoshe mikono kwa sabuni, wala asiguse macho baada ya kugusa kidonda. Jicho likiuma au kuwa jekundu, aende kituo cha afya bila kukawia. Dawa ya asaiklovia ikianzwa mapema hufupisha ugonjwa, ingawa haviondoi virusi mwilini.

Mwisho, tunawasihi msimtenge wala kumkashifu mgonjwa. Neno moja la kashfa mbele ya chungu laweza kuzaa ugomvi na majeraha. Likitokea, lifikisheni kwa mwenyekiti wa kijiji au kwetu polisi kabla mtu hajanyanyua mkono.