Mawazo Yakizidi Nyumbani: Kuielewa Sonona na Kuitibu

Mchele wa vitumbua umelowekwa tangu juzi. Siku nyingine husagwa alfajiri, ukatiwa hamira, na ikifika saa kumi na mbili moto umeshakolea barazani. Leo ni siku ya tatu ndoo haijaguswa; maji yametoa povu na yameanza kunuka. Mwenye mchele yuko kitandani, amegeukia ukutani. Aliamka saa nane usiku na usingizi haukurudi. Wifi yake anasema anajidekeza. Jirani amenong'ona habari za jini. Mumewe anashikilia kuwa ni malaria tu, ingawa zahanati ameshampeleka mara mbili, kipimo hakikuonyesha kitu, na mara zote mbili wamerudi na dawa za maumivu.

Alipoulizwa kule zahanati anasumbuliwa na nini, alijibu kichwa na mgongo. Hakusema kwamba chakula hakina ladha tena, kwamba mwanawe akimkimbilia hasikii furaha, kwamba anajiona mzigo kwa wenzake. Nani huenda zahanati kusema hayo? Tunaomba yasemwe, na kama mgonjwa hawezi, ayaseme aliyemsindikiza.

Ugonjwa wenyewe

Kitaalamu unaitwa sonona. Kenya wengi husema unyogovu. Majumbani tunasema "ana mawazo" au "kichwa kimejaa". Si maneno mabaya. Washona wa Zimbabwe nao wana neno lao, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na huduma kubwa ya ushauri nchini kwao imejengwa juu ya neno hilohilo.

Si kila huzuni ni sonona. Aliyefiwa hulia, kisha mtu akikumbusha vituko vya marehemu, hucheka na machozi yakiwa bado shavuni. Sonona haimpi mtu nafasi hiyo. Hukaa karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku, kwa wiki 2 au zaidi: moyo mzito, au kutopenda tena chochote alichokuwa akikipenda. Huandamana na kukosa usingizi au kulala mno, hamu ya kula kubadilika, uchovu usioisha, kusahausahau, kujilaumu kwa makosa madogo ya zamani, na kutamani kufa. Mwanamume mara nyingi haonyeshi machozi. Huonyesha hasira na pombe. Mama aliyejifungua karibuni naye huipata, na watu humwona hampendi mtoto. Anampenda. Ni mgonjwa, na anaweza kutibiwa huku akinyonyesha.

Chanzo si kimoja. Kuna damu ya ukoo, kuna misiba, madeni, kipigo ndani ya ndoa, kuna kuugua kwa muda mrefu. Imani haba haimo. Neno "jikaze", ambalo sote tumelitamka kwa nia njema, humfundisha mgonjwa kitu kimoja tu: kunyamaza. Dua na maombi humfariji, yaendelee. Lakini asifungwe kamba, asipigwe kwa jina la kutolewa pepo, na asikatazwe dawa.

Tiba ya mazungumzo

Watu hudhani kuzungumza si tiba. Uganda kusini, katika wilaya za Masaka na Rakai, jambo hili lilijaribiwa kwenye vijiji 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2003. Wanavijiji wenyewe waliulizwa kwanza ugonjwa huu wanauitaje kwa Kiganda. Kisha katika nusu ya vijiji vikaundwa vikundi, wanawake kwao na wanaume kwao, vikikutana mara moja kwa wiki kwa wiki 16. Walioviongoza walikuwa watu wa kawaida wa maeneo hayo waliopewa mafunzo mafupi, wala hawakuwa madaktari. Mazungumzo yalihusu mambo tunayoyajua: msiba, ugomvi na mtu wa karibu, maisha kugeuka ghafla. Waliohudhuria walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wa vijiji visivyokuwa na vikundi.

Harare, nchini Zimbabwe, mtaalamu wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia bibi waliofundishwa, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya kliniki. Humsaidia kuchagua tatizo moja kati ya mengi, na kutafuta hatua moja ya kulishughulikia. Hata sisi nyumbani tunaweza kuiga kiasi: sikiliza bila kukatiza, na usimletee mashauri kumi kwa mara moja.

Dawa

Sonona ikiwa ya wastani au kali, tabibu anaweza kuandika dawa. Zinazotumika sana ni fluoksetini, ambayo kwa kawaida humezwa asubuhi, na amitriptilini, inayomezwa usiku kwa sababu huleta usingizi. Kabla ya hapo apime damu, kwani upungufu wa damu na hitilafu ya tezi ya shingo huleta dalili zinazofanana. Mwambieni pia kama mgonjwa aliwahi kuwa na kipindi cha kuchangamka kupita kiasi, halali, anatapanya fedha. Dawa yake itakuwa tofauti.

Sehemu ngumu ni wiki za mwanzo. Kinywa hukauka, au tumbo huchafuka, na moyo haujapata nafuu yoyote. Nafuu huanza baada ya wiki 2 hadi 4, wakati mwingine 6. Wengi huacha hapo, na wengine huacha mwezi wa tatu wanapojiona wamepona. Dawa hizi hazileti uraibu, lakini zikikatwa ghafla mwili husumbuka na ugonjwa hurudi. Baada ya kupona, huendelezwa kwa miezi 9 hadi 12, kisha tabibu huzipunguza taratibu.

Akisema heri kufa

Muulize waziwazi: "Umewaza kujiua?" Swali hilo halimpandii wazo asilokuwa nalo, wengi hupumua kwa kupata wa kumwambia. Asiachwe peke yake. Dawa za kuulia wadudu wa shambani zihamishiwe nyumba nyingine, siyo kufichwa uvunguni. Vidonge vyake vya amitriptilini vishikwe na mtu mzima mwingine, ampe cha siku hiyo tu, kwani vikimezwa vingi kwa pamoja huua. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku. Anayempeleka aingie naye chumba cha daktari, na asiishie kusema kichwa kinamuuma. Aeleze alichokisikia kwa maneno yaleyale aliyoyasikia.