Kazi Unayoirudia Kila Jioni, Iandikie Skripti

Mdogo wangu wa Ruiru, ujumbe wako nimeusoma. Unafanya kazi kwenye saiba karibu na steji, kompyuta zenu ziliwekewa Linux Mint baada ya Microsoft kuacha kuihudumia Windows 10 mnamo Oktoba 2025, na kila jioni wenzako wanapofunga mabegi wewe bado unafuta faili za wateja mojamoja. Unauliza kama unaweza kuweka kitufe kimoja kwenye skrini kikufanyie kazi hiyo. Unaweza, na utakitengeneza wewe mwenyewe.

Nimefurahi kwamba hili limekukera. Mtu anaingia hapo kutafuta PIN ya KRA, kuomba mkopo wa HELB au kulipia huduma ya eCitizen. Anakuachia kitambulisho pande zote mbili, cheti cha kuzaliwa, namba ya simu, wakati mwingine hata nenosiri. Akitoka, vyote vinabaki kwenye mashine, na anayekalia kiti baada yake anaweza kuvifungua. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata isingekuwepo, kitambulisho cha mama wa watu hakifai kulala kwenye kompyuta ya umma.

Sasa kazi. Kwanza unda folda iitwayo Wateja ndani ya folda yako ya nyumbani, iwe ya faili za wateja tu. Skripti ni faili ya kawaida ya maandishi, yenye amri zilezile ambazo ungeziandika kwenye teminali, zikifuatana. Mstari wa kwanza andika #!/bin/bash, ili kompyuta ijue ni programu gani itakayosoma mistari inayofuata. Kisha:

find "$HOME/Wateja" -type f -mmin +120 -print
read -p "Bonyeza Enter ufunge"

Mstari wa find unasema: tafuta ndani ya folda ya Wateja kila faili iliyokaa zaidi ya dakika 120 bila kubadilishwa, uniorodheshee. Hizo dakika nimeziweka kwa makusudi, ili mteja ambaye bado yuko mbele yako asipoteze karatasi zake. Ule wa read unalizuia dirisha lisijifunge kabla hujasoma. Alama za kunukuu usiziache. Folda ikiitwa Wateja wa Leo, bila alama hizo kompyuta itaona majina matatu, na hapo ndipo watu hufuta wasichokusudia.

Umeona kwamba bado hatujafuta kitu? Tafadhali kaa hapo kwa siku kadhaa. Soma orodha kila jioni. Ukiridhika kwamba inataja faili unazotaka tu, ondoa -print uweke -exec gio trash {} + ili ziende kwenye pipa la taka. Amri ya rm nakuomba usiiguse kwa sasa, kwa sababu haipitii pipani. Baadaye kabisa, ukiiamini skripti yako, ongeza gio trash --empty chini ya mstari wa find, nayo italimwaga pipa lote.

Ihifadhi kwa jina safisha.sh ndani ya folda ya bin iliyo kwenye folda yako ya nyumbani (iunde kama haipo), uipe ruhusa ya kuendeshwa: chmod +x ~/bin/safisha.sh. Kisha unda faili nyingine kwenye folda ya Desktop, uiite safisha.desktop:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Safisha Wateja
Exec=/home/saiba/bin/safisha.sh
Terminal=true

Badala ya saiba weka jina la akaunti yenu. Kwenye Exec andika njia nzima kuanzia /home. Ukiweka ~ kitufe hakitafanya kazi, na wengi hukwamia hapo wakidhani skripti ndiyo mbovu. Faili hii nayo uipe chmod +x. Kwenye Ubuntu utaibofya kulia na kuchagua Allow Launching.

Na wewe kijana wa Makongeni, Thika, uliyeuliza kama ubandike ule mstari mrefu aliokutumia rafiki, unaoanza na sudo: usiubandike. Neno hilo linaipa amri uwezo wa kubadilisha chochote kwenye mashine. Andika man, kisha jina la amri usiyoielewa, usome inafanya nini. Sehemu ambayo huwezi kunieleza kwa maneno yako, usiiendeshe kwenye laptopu yenye kazi zako za chuo.

Turudi Ruiru. Kabla ya yote mwambie mwenye saiba, maana mashine ni zake. Halafu fungua mipangilio ya kivinjari, uelekeze vipakuliwa kwenye folda ya Wateja badala ya Downloads, na skana pia ihifadhi humo. La sivyo skripti itakuwa inafagia chumba kitupu. Mteja akikuomba umtunzie cheti hadi kesho, kiweke kwenye folda nyingine nje ya Wateja, na uandike jina lake kwenye daftari ili akishakichukua ukifute.