KULALA HOTELINI TABORA

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Karibu na stesheni ipo hoteli ya zamani, iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Zipo pia nyumba ndogo za wageni.

Ukitoka Kipalapala kupanda treni, nayo ikachelewa, huenda ukalala mjini. Kwanza uliza bei. Utapewa kitabu cha wageni. Andika mwenyewe jina lako, utokako na uendako. Ukilipa, dai stakabadhi, uisome: jina, tarehe, fedha. Mimi niliwahi kulipishwa mara mbili, maana stakabadhi niliiacha mezani.

Kitanda kikilia kwa uzee, si neno. Lakini chandarua kikiwa na tundu, omba kingine. Mwambie mtu wa zamu saa ya kukuamsha.