Fundi Mitambo, Wewe Unasali Saa Ngapi?



Vijana wenzangu, leo naandikia kundi ambalo halitajwi kwenye matangazo ya parokia mpaka maiki igome: wale wanaokaa nyuma ya mikisa. Kwaya inapigiwa makofi, wapamba altare wanashukuriwa. Fundi mitambo anageukiwa na kanisa zima siku spika zikilia, basi.

Mimi ni mmoja wao. Kabla ya seminari nilikuwa nabeba spika kwenye harusi na sendofu, nalala saa tisa usiku na mikono imejaa vumbi la waya. Nilipomaliza falsafa nikatumwa parokiani kwa mwaka wa kichungaji. Baba Paroko aliposikia kazi yangu ya zamani hakuuliza swali la pili. Nikapewa mikisa, kamera moja, na jukumu la kurusha Misa YouTube.

Jumapili moja ya Kwaresima simu yangu ikawaka katikati ya Sala ya Ekaristi. Ujumbe: "Frateri, Padre hatumsikii." Niliujua umetoka wapi. Kuna bibi mmoja aliyepooza upande, mjukuu wake humwekea simu karibu na mto kila Jumapili. Nikapaniki. Nikashika kitufe cha juu kabisa cha maiki ya altareni, nikakizungusha. Padre alikuwa ameinama, anatamka maneno ya mageuzo. Spika zikapiga yowe. Watoto wakaziba masikio, mchanga mmoja akaanza kulia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke.

Ngoja nieleze kosa, maana najua wengi mnalifanya. Kile kitufe cha juu, mafundi tunakiita geini, ndicho mlango ambao sauti ya maiki inaingilia kwenye mikisa. Ukikifungua zaidi, sauti inapanda kila mahali: kanisani, kwenye spika za kwaya, kwenye YouTube. Maiki ya altareni iko mbali na mdomo, kwa hiyo tayari geini yake iko juu. Ukiongeza kidogo tu, maiki inaanza kusikia spika. Sauti iliyotoka inarudi, inakuzwa, inatoka tena, inarudi tena, mpaka inakuwa yowe. Bibi alihitaji niguse njia ya pembeni tu, ile oksi inayopeleka sauti kwenye kompyuta. Ni kitufe kingine kabisa. Kanisani hakuna ambaye angejua kuwa nimegusa kitu.

Baada ya Misa nilikwenda sakristia kujipeleka mwenyewe. Padre hakunifokea. Aliniuliza: "Frateri, umekomunika leo?"

Nikasema hapana.

"Na Jumapili iliyopita?"

Nilihesabu kimoyomoyo. Jumapili tano. Yaani frateri, mwenye kanzu, kanisani kila Jumapili, na hajakomunika kwa sababu anaogopa kuiacha mikisa dakika tatu. Na si Komunyo tu. Nilikuwa nasikia kila neno la Padre, lakini nalisikia kama sauti: besi imezidi, amesogea mbali na maiki, "s" zinakwaruza. Neno lenyewe lilipita kama maji kwenye bomba. Bomba halinywi.

Usinielewe vibaya, kazi yenyewe ni takatifu. Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, namba 311, yanataka waamini waweze kuwasikia padre, shemasi na wasomaji bila shida, kwa msaada wa vifaa vya kisasa. Kwa hiyo Kanisa lenyewe linakuhitaji. Namba 32 inadai zaidi: padre anaposali sala zake kwa sauti, wote wasikilize, na vyombo vya muziki vinyamaze. (Wapiga kinanda mnisamehe. Ile ya kupigapiga taratibu chini ya Sala ya Ekaristi "ili kuleta utulivu", mimi sasa naishusha mpaka sifuri.)

Darasani tulijifunza kwa Mtakatifu Thoma wa Akwino tofauti kati ya kile tunachokijua na kile ambacho kwa njia yake tunajua. Niliijibu vizuri kwenye mtihani, kisha nikaiacha kwenye daftari. Maiki ni ya kundi la pili. Watu hawakuja kusikia maiki. Ubaya ni kwamba mimi fundi, kwa mazoea, ndicho kitu pekee nilichokuwa nakisikia.

Halafu kuna Mtakatifu Klara wa Asizi. Mapokeo yanasema Krismasi ya mwaka 1252 alikuwa mgonjwa kitandani, hawezi kwenda kanisani na wenzake, na Mungu akamjalia kusikia na kuona ibada kutoka hapo alipolala. Ndiyo maana Papa Pius XII alimtangaza msimamizi wa televisheni mwaka 1958. Tangu siku ile ya yowe, nikiwasha kamera namfikiria bibi yule na mto wake. Zamani nilikuwa naangalia idadi ya watazamaji.

Tulibadilisha mambo machache. Simu yangu inabaki kwa kijana mwingine. Yeye anasikiliza YouTube kwa hedifoni na kunionyesha kidole juu au chini. Nafika saa nzima kabla, naweka betri mpya kwenye maiki zisizo na waya, napandisha maiki ya altareni mpaka ianze kulia kanisa likiwa tupu, kisha nairudisha chini vya kutosha na siigusi tena. Spika mbili tulizisogeza mbele zaidi ya altare ili zisiitazame maiki. Kazi ikifanyika kabla, wakati wa Misa mikono inapata nafasi ya kukunjana.

Kuhusu Komunyo, wewe mwenye mikisa ongea na paroko wako. Kwetu tunapokezana: mmoja anatangulia kwenye mstari, akirudi mwingine anakwenda. Kwaya inakuwa inaimba wakati huo, hakuna cha kurekebisha. Na kama uko peke yako, nenda tu. Acha maiki za kwaya wazi, funga nyingine, nenda. Sijawahi kuona mikisa ikikimbia.

Pia tunafundisha vijana watatu wa VIWAWA, mmoja wao dada mwenye sikio kali kuliko langu. Aligundua waya mbovu niliokuwa nauwekea selotepu miezi miwili. Jumapili ijayo zamu ni yake. Mimi nitakaa benchi la tatu kutoka nyuma, kule spika ya kulia inakokoroma kidogo, na nimeshamwahidi sitageuka.