Skrini Ndogo, Ujumbe Mrefu: Soma Hadi Mwisho Kabla Hujatoa Bidhaa

Ukipokea ujumbe wa malipo, huwa unausoma mpaka wapi? Wengi wetu tunaona "Imethibitishwa", tunaona kiasi, basi tunarudisha simu mfukoni. Wakora wanalijua hilo. Leo tuangalie skrini ya simu inaweza kuonyesha maneno mangapi kwa mara moja, na kwa nini jambo hilo linaweza kukugharimu pesa.

Hesabu ya skrini

Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba alama 160. Alama ni herufi, tarakimu, nukta, hata nafasi kati ya maneno. Ukizidi hapo, simu huugawa ujumbe vipande vya alama 153 kila kimoja, kisha huviunganisha unapousoma.

Sasa chukua kabambe moja inayojulikana na wengi, Nokia 3310 ya mwaka 2000. Skrini yake ilikuwa na nukta 84 kwa upana na 48 kwa urefu. Tukikadiria kwamba kila herufi inahitaji nukta 6 kwa upana na 8 kwa urefu, tunapata herufi 14 kwa mstari na mistari 6. Jumla ni alama 84, yaani nusu ya ujumbe na kitu kidogo. Na hapo hatujatoa mistari inayochukuliwa na alama ya betri, mtandao na vitufe. Mulika mwizi za siku hizi zina skrini kubwa kidogo, lakini herufi zake pia ni kubwa, kwa hivyo bado utalazimika kushuka chini.

Usidhani mwenye simu janja ameponea. Ile arifa inayojitokeza juu ya skrini huonyesha mwanzo wa ujumbe tu.

Kinachojificha chini

Tazama mfano huu:

*TX12AB34CD Imethibitishwa. Umepokea Ksh2,500.00 kutoka kwa JINA LA MTEJA tarehe 3/6 saa 10:15 AM. Salio lako jipya ni Ksh3,140.00.*

Ujumbe huu una alama 130. Kwenye skrini ya alama 84, ukurasa wa kwanza unaishia kwenye tarehe. Salio linaanza kwenye alama ya 99, kwa hivyo hulioni mpaka ushuke.

Na salio ndilo sehemu ngumu zaidi kwa mkora kubuni. Anaweza kuandika neno "Imethibitishwa", akabuni nambari ya muamala na kuweka kiasi chochote. Lakini hajui ulikuwa na pesa ngapi kabla. Kama ulikuwa na Ksh640 na ukapokea Ksh2,500, salio lazima lisome Ksh3,140. Likisoma kitu kingine, au likikosekana kabisa, kuna shida.

Upande wa kutuma

Menyu ya kubonyeza nyota na reli nayo ina kipimo chake: ukurasa mmoja hubeba alama 182 kwa kawaida. Ndiyo maana menyu ndefu hukatwa na kukuambia ubonyeze nambari fulani ili uendelee. Kwenye simu ndogo, swali la mwisho kabla ya kutuma linaweza kuonyesha jina huku kiasi kikiwa chini, au kinyume chake. Shuka uone vyote viwili kabla ya kukubali. Sifuri moja ya ziada hugeuza 500 kuwa 5,000. Tena ukurasa wa menyu haubaki kwenye simu, hutoweka ukimaliza. Kinachobaki ni ujumbe wa uthibitisho, kwa hivyo usiufute haraka.

Fanya hivi kila mara

1. Angalia mtumaji. Ujumbe wa malipo hutoka kwa jina la huduma. Ukitoka kwa nambari ya kawaida ya simu, huo si uthibitisho, hata ukiwa na maneno yale yale.
2. Shuka mpaka mwisho. Bonyeza kitufe cha chini mpaka skrini isisonge tena.
3. Piga hesabu ya salio. La zamani ukijumlisha na kilichoingia ni sawa na jipya?
4. Ukiwa na shaka, uliza salio mwenyewe kupitia menyu. Usitumie nambari yoyote iliyoandikwa ndani ya ujumbe unaoutilia shaka.
5. Usikubali simu ya mteja iwe ushahidi. Kukuonyesha skrini yake si sawa na pesa kuingia kwako.
6. Akipiga mtu kusema "nimekutumia kimakosa, nirudishie", usimtumie chochote. Mwambie awasiliane na huduma kwa wateja ili muamala urejeshwe kwa utaratibu. Kama kweli alikutumia, pesa itarudi kwa njia hiyo.

Tunajua dukani kuna foleni, na boda boda naye ana abiria anayeharakisha. Lakini kushuka mpaka chini ya ujumbe huchukua sekunde chache tu. Mteja mwaminifu atangoja. Yule anayekukimbiza usimalize kusoma ndiye wa kuangaliwa mara mbili.

Una mzazi au jirani anayetumia kabambe? Mwonyeshe leo mahali salio linapokaa kwenye ujumbe wake.