Somo la Ufundi: Kiweko cha Kompyuta

Ndugu wafanyakazi, katibu wa tawi anayeandika hesabu za ada kwa kompyuta ya mkononi, hapa Mwansabombwe au Nchelenge, huinamisha shingo kutwa. Tumtengenezee kiweko.

Chukueni mbao mbili za mninga, tunaouita hapa mukwa. Ukikauka vizuri haupindi ovyo. Kila ubao uwe na urefu wa sentimita 30, unene 1, kimo 14 nyuma na 6 mbele. Mbele acheni kijino, kompyuta isiteleze. Katikati kateni hadi nusu ya kimo, ubao mmoja kutoka juu, wa pili kutoka chini. Mkato ulingane na unene wa ubao. Ukizidi, kiweko kitayumba. Zipachikeni msalaba. Kazi ikiisha, zichomoeni, zitieni mkobani.

Kioo kikiinuka, viganja navyo huchoka. Inatakiwa kibodi ya pembeni, na gharama hiyo ni ya ofisi, si ya katibu.