Dhima na Jina: Istilahi za Polima Saidizi katika Vidonge vya Dawa

Ikisiri

Makala hii inachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kuzitaja polima zinazotumika kuunda vidonge. Inadaiwa kwamba istilahi zenye msingi wa dhima zinafaa kuliko zile zenye msingi wa mali, na kwamba kitenzi kuyeyuka, kinapotumiwa kwa kila kidonge kinachotiwa majini, huweza kumpotosha mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Kidonge huundwa kwa viambato vya makundi mawili. Kundi la kwanza ni kiambato tendaji, ambacho ndicho kinachokabili maradhi. Kundi la pili ni viambato vinavyokiwezesha kidonge kushikamana, kuhifadhika, kumezeka na kuiachilia dawa mahali na wakati unaotakiwa. Vingi kati ya hivyo ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli ndogo zinazojirudia. Kuviita "viambato visivyo tendaji" ni kuvitambulisha kwa ukanushi: jina linaeleza visichofanya na kuficha vinachofanya.

2.0 Mali Moja, Dhima Zaidi ya Moja

Kata ya Chanzuru, wilayani Kilosa, inatoa mfano mwafaka. Wilaya hiyo hulima mahindi, pamba na mkonge, na kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga kimeshughulikia mbegu za mahindi na pamba kwa miaka mingi. Wanga wa mahindi na selulosi ya pamba au mkonge ni polima za sukari ileile, glukosi. Tofauti yao imo katika namna glukosi zilivyofungamana, na ndiyo maana binadamu humeng'enya ugali lakini hawezi kumeng'enya uzi. Wanga na selulosi hutumika sana katika viwanda vya dawa.

Hata hivyo, kujua mali hakutoshi kujua kazi. Wanga ukipikwa ukawa uji mzito, huzigandisha chembe za dawa pamoja. Wanga huohuo ukichanganywa mkavu, hunyonya maji na kusaidia kukivunja kidonge. Hali kadhalika hipromelosi, polima inayotokana na selulosi: ikiwa kidogo huweza kuwa gundi au utando wa nje, ikiwa nyingi, na ya aina inayofaa, huvimba ikawa ute mzito unaoiachilia dawa polepole. Hapa polima inafanana na kiambishi, ambacho dhima yake haijulikani kwa umbo peke yake bali kwa mazingira kinamotokea.

3.0 Kitenzi Kuyeyuka na Mipaka Yake

Tanzania Bara ilianza kutumia mchanganyiko wa artemetha na lumefantrini kuwa tiba ya kwanza ya malaria isiyo kali mwishoni mwa mwaka 2006. Umma uliupokea kwa jina la dawa mseto. Jina hilo ni zuri, kwani linatokana na chakula cha nafaka na kunde zilizopikwa pamoja, lakini linataja viambato tendaji tu. Mwaka 2009 kilitolewa kidonge cha watoto cha kutiwa majini, baada ya majaribio yaliyohusisha watoto 899 wa Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania. Miongoni mwa viambato vyake imo krospovidoni, polima inayonyonya maji kwa haraka na kukisambaratisha kidonge.

Mzazi wa Chanzuru akiambiwa "kiyeyushe kidonge hiki," atatarajia kitokee kile kinachotokea kwa chumvi au sukari. Lakini lumefantrini haiyeyuki katika maji ila kwa kiasi kidogo mno. Kilichotokea kikombeni ni kutawanyika: chembe zinaelea, kisha hutuama. Mzazi aliyeamini kwamba dawa imeyeyuka hana sababu ya kusuuza kikombe kwa maji kidogo na kumnywesha mtoto masazo, na sehemu ya dozi inaweza kubaki kwenye kikombe.

Chukuliwe sasa kwamba katika nyumba hiyohiyo yupo bibi anayetumia nifedipini ya kuachiliwa polepole kwa ajili ya shinikizo la damu. Mjukuu aliyezoea kutawanya kidonge cha mtoto anaweza, kwa nia njema, kukisaga cha bibi. Akifanya hivyo anauvunja mfumo wa polima, na dawa ya saa nyingi huachiliwa kwa mkupuo. Shinikizo la damu huweza kushuka kwa kiwango cha hatari.

4.0 Istilahi Zinazopendekezwa

Sarufi ya Kiswahili ina kielelezo kilichokwisha kuzoeleka: unganisha huzaa kiunganishi, na vumisha huzaa kivumishi. Kwa kielelezo hicho inapendekezwa kigandishi kwa polima inayoshikamanisha, kitawanyishi kwa inayokivunja kidonge majini, na kicheleweshi kwa inayopunguza kasi ya dawa kuachiliwa. Neno utando litumike kwa gamba jembamba la nje. Kundi zima liitwe viambato saidizi. Kwa mpango huu wanga unaweza kuwa kigandishi katika kidonge kimoja na kitawanyishi katika kingine bila utata wowote.

Aidha, vitenzi vitenganishwe: kuyeyuka kwa kile kinachopotea ndani ya maji, kutawanyika kwa chembe zinazobaki chembe, na kuvimba kwa polima inayogeuka ute.

5.0 Hitimisho

Mara nyingi uundaji wa istilahi huhesabiwa kuwa kazi ya wataalamu kwa ajili ya wataalamu. Mfano huu unaonyesha kwamba istilahi hushuka hadi dirisha la kutolea dawa, ambako huwa agizo. "Tawanya, nywesha, suuza kikombe, nywesha tena" na "meza kizima, usisage wala usitafune" ni maagizo mawili yanayotofautiana kwa sababu ya polima. Lugha inayozinyima polima hizo majina ya kazi zake humwachia mgonjwa kukisia.